Grafu ya Maarifa Imekwama: Dalili, Sababu na Dawa Zake

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yale yale ninayoyasikia kutoka kwa vijana wa hapa Lamu wanaojaribu kuingiza maarifa ya visiwa vyetu ndani ya kompyuta: mahali, vyombo, pepo, koo. Wengi wana laptopu ya kawaida, bando la intaneti la kuhesabia, na umeme wa kwenda na kurudi. Hayo hayazuii kazi, maana grafu ndogo haitaki mashine kubwa. Kinachozuia kazi ni kwamba mtu akiona jibu la kipuuzi hukimbilia kubadili modeli, hali kosa limelala ndani ya jedwali lake mwenyewe.

Kwa anayeanza: grafu ya maarifa ni orodha ya kauli za vipande vitatu, yaani kitu, uhusiano, kitu. Takwa – iko – Manda (magofu na kisiwa chake). Mtepe – hushonwa kwa – kamba (mtepe ni chombo cha kale). Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ndiyo modeli ninayoitaja humu, hauhifadhi kauli hizo kama ulivyoziandika. Kila kitu hupewa vekta, safu ya namba, tuseme 50 au 200, na kufunza ni kuzisogeza namba hizo mpaka vitu vyenye uhusiano vikae mahali panapolingana. Kwa hiyo mtandao hupima ujirani. Kama mtu wa mtaa wa Langoni hapa mjini anayekaa kibarazani pake kwenye njia ya Usita wa Mui, hukuambia nani huonekana na nani, na mara nyingi hupatia. Lakini kuonekana na fulani si kuwa ndugu yake, na karibu makosa yote yaliyo hapa chini yamezaliwa hapo.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1986 Geoffrey Hinton alifunza mtandao mdogo nasaba za familia mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiitaliano, watu 24 kwa mahusiano 12. Nasaba! Huku kwetu wapo wazee wanaoisoma yao kwa moyo bila karatasi. Nitairudia nasaba mwishoni, kwa sababu ndiyo iliyonitia jasho.

Kabla hujagusa kitu

Weka nakala ya jedwali. Kisha soma kauli hamsini kwa sauti mbele ya mtu anayeyajua mambo hayo, awe mvuvi, fundi au bibi yako, yeyote asiyejua kompyuta. Atakusimamisha kabla hujafika kumi. Mwisho, chukua kauli ishirini tu uzifunze mpaka modeli izikariri kabisa. Ikishindwa kukariri ishirini, programu yako ina hitilafu na hakuna haja ya kuendelea kusoma. Tafuta kosa kwenye msimbo kwanza.

Dalili: kila swali, jibu ni "Lamu"

Hii ndiyo inayoongoza. Siyu iko wapi? Lamu. Takwa? Lamu. Uwanja wa ndege uko kisiwa gani? Lamu.

Sababu ya kwanza, inayozizidi nyingine zote kwa mbali: jina moja limebebeshwa vitu vitatu. Lamu ni mji, Lamu ni kisiwa, Lamu ni kaunti. Pate nayo ni mji ulio ndani ya kisiwa cha Pate. Ukiandika "Lamu" tupu, vekta moja huvutwa na kauli za pande tatu na kuishia katikati ya kila kitu, kama mtu anayealikwa harusi zote za mji. "Siyu iko Lamu" ni kweli ukikusudia kaunti, na ni uongo ukikusudia kisiwa, kwa kuwa Siyu iko kisiwa cha Pate.

Angalia hivi: chuja jedwali kwa neno hilo, na kila mstari ujiulize, mji, kisiwa au kaunti? Mstari ukikufanya usite, umeshalipata kosa. Dawa yake ni kuandika lamu_mji, lamu_kisiwa, lamu_kaunti, pate_mji, pate_kisiwa, kisha kufunza upya kutoka mwanzo. Usifunze juu ya vekta za zamani, zimeshapinda. Mtihani mzuri wa kujua umepona ni uwanja wa ndege. Unaitwa kwa jina la Lamu, lakini ndege hutua Manda na abiria huvuka kwa boti. Modeli inayokisia kwa jina itaanguka hapo kila mara.

Kinyume chake pia hutokea, kitu kimoja kwa majina mawili. Wenyewe twasema Amu, kwenye hati huandikwa Lamu. Ukiyaacha hivyo, utakuwa na visiwa viwili, kila kimoja na nusu ya habari. Yaunganishe, lakini kwa mkono. Kuna programu za kufananisha herufi ambazo zitakuunganishia kila kitu usiku mmoja, na asubuhi utaikuta Shela yetu imekuwa kitu kimoja na Shella ya Malindi. Herufi moja ndiyo inayozitenga, na safari nzima ya barabara.

Sababu ya pili ni wingi. Kitu kilichotajwa mara mia huvuta kuliko kilichotajwa mara mbili. Hesabu mara ngapi kila jina limetokea, upange kutoka juu hadi chini. Majina matatu ya juu yakimeza nusu ya jedwali, nenda ukakusanye habari za visiwa vya Ndau na Kiwayu badala ya kupoteza muda na mipangilio.

Sababu ya tatu iko ndani zaidi. Mtandao hufunzwa kwa kuonyeshwa kauli ya kweli ikiwa na ya uongo ubavuni, na hiyo ya uongo hutengenezwa kwa kubadilisha kichwa (kitu cha kwanza cha kauli) au mkia (kitu cha mwisho) kwa bahati nasibu. Bahati nasibu ikikupa "Takwa iko kamba", mtandao hujifunza tu kutenga mahali na kamba, jambo ambalo mtoto wa chekechea analijua. Panga mkia wa uongo uwe wa aina ile ile: "Takwa iko Kiwayu". Hapo ndipo kazi inapoanza. Tahadhari moja tu: ukichukua mikia ya aina ile ile, mara nyingine utaangukia kauli ya kweli ambayo hukuwahi kuiandika, na utakuwa unaufunza mtandao kwamba ni uongo. Jambo kukosekana kwenye jedwali lako hakulifanyi kuwa la uongo. Wazee hawakukuambia kila kitu.

Dalili: uhusiano umepinduka

Modeli inakubali Takwa iko Manda. Vizuri. Halafu inakubali Manda iko Takwa.

Tazama alama za kauli hizo mbili, yaani namba ambayo modeli huipa kila kauli kuonyesha inavyoiamini. Zikikaribiana bila kulingana, rudi kwenye jedwali: waandishi wawili wamegawana kazi, mmoja kaandika "Takwa iko Manda", mwingine kaandika "Manda ina Takwa", na wote wameweka uhusiano mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Zikilingana hadi tarakimu ya mwisho, basi unatumia modeli ya aina iitwayo DistMult, na hapo hakuna kosa la mtu. DistMult huzidisha vekta tatu namba kwa namba kisha hujumlisha, na kuzidisha hakujali nani katangulia. Ukiipa uhusiano wenye mwelekeo haiwezi kuuona, hata uifunze mwezi mzima. Hamia ComplEx ya mwaka 2016, inayotumia namba changamano, au RotatE ya 2019, ambayo kila uhusiano ni mzunguko wa pembe fulani.

Kuna wanaokimbia DistMult wakaangukia TransE, halafu wanashangaa kwa nini "hupakana na" haifanyi kazi. TransE, iliyotolewa mwaka 2013 na Antoine Bordes na wenzake, ni rahisi na inapendeza: vekta ya kichwa, ongeza vekta ya uhusiano, unafika kwenye mkia. Sasa mtaa wa Mkomani hupakana na Langoni, na Langoni hupakana na Mkomani. Hatua ile ile ikupeleke kusini kisha ikurudishe kaskazini? Njia pekee ni hatua iwe sifuri, na ikiwa sifuri majirani wote wanakuwa nyumba moja. RotatE huponyoka hapo kwa sababu ukizunguka nusu duara mara mbili umerudi ulipoanzia.

Dalili: visiwa vyote vimekuwa kimoja

Hii ni ndugu ya iliyotangulia. Kaunti ya Lamu ina visiwa vya Manda, Pate, Ndau, Kiwayu. Kianzio ni kimoja, hatua ni moja, kwa hiyo TransE hulazimika kuvirundika vyote mahali pamoja. Pima umbali kati ya vekta za visiwa. Ukikaribia sifuri, ndiyo hii. TransH ya 2014 ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hili, kwa kuupa kila uhusiano uwanda wake. Binafsi naruka moja kwa moja hadi ComplEx, na nikiona bado kunabanana naongeza kauli zinazovitofautisha visiwa vyenyewe: nini kimejengwa wapi, nani hukaa wapi, chombo gani hufika.

Dalili: alama za majaribio ni nzuri mno, mgeni wa kwanza anaiangusha

Ukiona 0.95 kati ya 1, usimwite mtu. Kaa kwanza.

Sababu kubwa ni uvujaji. "Siyu iko kisiwa cha Pate" imo katika mafunzo, "kisiwa cha Pate kina Siyu" imo katika majaribio. Mtihani umeshavuja, mwanafunzi anapindua sentensi tu. Na usidhani ni kosa la wanaoanza. Kwa muda, watafiti wa dunia nzima walishindana juu ya seti ya data iitwayo FB15k, iliyochotwa kutoka hifadhi ya maarifa iitwayo Freebase, yenye mahusiano 1,345. Mwaka 2015 Kristina Toutanova na Danqi Chen walionyesha kwamba imejaa kauli zilizopinduliwa namna hii, na seti iliyosafishwa ikabaki na mahusiano 237, ndiyo sababu ikaitwa FB15k-237. Ndugu yake WN18 ilipatwa na hayo hayo. Mwaka 2018 Tim Dettmers na wenzake walitoa WN18RR, ambamo mahusiano 18 yalipungua hadi 11. Modeli zilizokuwa zikitamba kwenye seti za zamani zilishuka vibaya kwenye mpya.

Ukaguzi ni mwepesi. Kwa kila kauli ya majaribio, chukua vitu viwili vilivyomo, utazame kama vimewahi kukaa pamoja katika mafunzo, kwa mpangilio wowote na uhusiano wowote. Vikiwa vimekaa, hamisha. Gawanya data kwa jozi za vitu, usigawanye kwa mistari. Halafu andika kanuni ya kijinga, mistari mitano ya msimbo, inayojibu kwa kupindua tu kauli za mafunzo. Kanuni hiyo ikipata alama sawa na mtandao wako, mtandao wako haujajifunza lolote zaidi ya kupindua.

Sababu ya pili, nakala zenye tahajia tofauti, nimeshaieleza kwa Amu. Ya tatu ni ya kihuni kidogo. Modeli iliyoharibika ikatoa alama moja kwa vitu vyote, na programu ya kupima ikaliweka jibu sahihi juu kwa sababu wote wamelingana, itaonekana bingwa. Dalili yake ni alama nzuri tangu mzunguko wa kwanza wa mafunzo, kabla haijajifunza lolote. Weka jibu sahihi katikati ya waliolingana, uone.

Alama zikiwa mbaya kupita kiasi, angalia kinyume: umeuliza kaunti ya Lamu ina kisiwa gani, jibu la majaribio ni Ndau, modeli ikatanguliza Manda. Manda nayo ni kweli. Majibu mengine ya kweli yaondolewe kwenye orodha kabla ya kuhesabu jibu limeshika nafasi ya ngapi, la sivyo unamwadhibu mtu kwa kusema kweli.

Dalili: hasara (kipimo cha kukosea wakati wa kufunza) haishuki, au inaandika NaN, yaani "si namba"

Punguza kasi ya kujifunza mara kumi. Bado? Tafuta visanduku vitupu katika jedwali. Bado? Angalia kama vekta zinakua bila kikomo, uzirudishe kwenye urefu wa moja kila baada ya mzunguko. Kwa niliyoyaona, ni nadra sana kuvuka hapo.

Dalili: mtandao wa grafu, na kila nodi (kitu kimoja cha grafu) imefanana na mwenzake

Hapa nasema ile mitandao ambayo kila nodi hukusanya habari kutoka kwa majirani zake. Tabaka moja, unasikia ya jirani. Mawili, unasikia ya jirani ya jirani. Kijana mmoja aliniletea yenye tabaka nane, anauliza mbona haitofautishi jahazi na msikiti. Tabaka nane kwenye grafu ya mji mdogo! Habari imeshazunguka mitaa yote na kila nyumba inasema neno moja. Rudi kwenye mawili au matatu.

Na kitu kipya kisipojulikana kabisa, kwa mfano umeongeza chombo leo na modeli za vekta hazina neno nacho, hilo si kosa. TransE na wenzake wanavijua tu vile walivyofunzwa navyo. Funza upya, au tumia mtandao wa grafu unaojenga vekta kutokana na majirani wa kile kipya.

Dalili: hatua moja inajibu vyema, hatua zikiunganishwa inapotea

Takwa iko Manda, inajua. Manda iko kaunti ya Lamu, inajua. Takwa iko kaunti gani? Kilifi, inasema, kwa kujiamini, pengine kwa sababu magofu mengi yaliyomo kwenye jedwali ni ya upande wa Gede, huko Kilifi.

Hesabu kwanza. Kila hatua ikiwa na uhakika wa 0.9, hatua tatu ni 0.729. Mnyororo wa makisio hulegea hivyo hata kila pete ikiwa nzima. Kwa hiyo angalia alama za kila hatua peke yake. Mara nyingi iko pete moja mbovu, ukiirekebisha yote husimama. Kisha jiulize kama hatua hizo zinahitaji kukisiwa. "Kilichomo ndani ya kilichomo ndani kimo ndani" ni kanuni. Iandike kama kanuni, iendeshwe na programu ya mantiki ya kawaida, na mtandao uachiwe yale yasiyo na kanuni: kusoma maandishi, kutambua majina, kupendekeza kauli zilizosahauliwa. Ipo mifumo inayozifunga pande hizi mbili kwa pamoja, kama DeepProbLog ya mwaka 2018, lakini kwa jedwali dogo sijaona haja.

Aliyenifanya nishike msimamo huu ni mtu aliyetaka mtandao wa neva ugawe mirathi. Alikuwa na mifano mingi iliyokwisha kukatwa, akadhani utajifunza. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni. Mtandao ulimpa 0.13. Thumni ni 0.125. Kwa kutambua picha ya paka tofauti hiyo haina maana. Kwa shamba la minazi ni ugomvi wa ndugu. Na hiyo ndiyo rahisi. Mwanamke akifa akaacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, bila watoto wala wazazi, mume ana nusu na dada wana thuluthi mbili. Jumla imezidi zima: sita kwa sita imekuwa saba kwa sita. Wanazuoni waliitatua zamani kwa aul, mafungu yakahesabiwa kwa saba, mume akapata matatu na dada manne. Jambo la namna hiyo lina kanuni yake kamili, wala halikisiwi kwa kufananisha na mifano.

*Simama hapa.* Mfumo wako ukigusa mirathi ya kweli, mpelekee kadhi. Ukigusa mipaka ya shamba, mpelekee mpimaji na wakili. Usitoe hata "jibu la awali", maana watu hulichukua hilo hilo.

Dalili: modeli kubwa ya lugha inadanganya kwa utulivu

Siku hizi wengi wanaruka grafu, wanauliza moja kwa moja zile modeli kubwa za lugha. Zenyewe ni mitandao ya neva iliyofunzwa kutabiri neno lifuatalo, na maarifa yake yametawanyika ndani ya mabilioni ya namba. Huwezi kufungua ukaona mstari wa Takwa. Kwa hiyo ukarabati wake ni wa nje zaidi.

Sababu ya kwanza kwa huku kwetu ni lugha yenyewe. Tulimrekodi nahodha mstaafu wa Matondoni, tukayaandika maneno yake, tukaipa modeli iyageuze kauli. Mahali alipomwambia mjukuu wake "ndoo ukae hapa", modeli iliandika kwamba kwenye jahazi palikuwa na ndoo. Ndoo ya Kiamu ni njoo. Alipocheka, alicheka mpaka akashika ubavu. Aliposikia la pili hakucheka. Yeye alisema jahazi lilikuja na kaskazi. Modeli ikaandika lilielekea kaskazini. Kaskazi ni upepo utokao kaskazini mashariki, nao hukuleta kusini. Chombo kizima kimegeuzwa njia.

La tatu ni saa. "Maji yalijaa saa mbili asubuhi", modeli ikaandika 2:00. Ni 8:00. Na "usiku wa Ijumaa" kwa wazee ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya simu huuita Alhamisi. Ukaguzi: tafuta kila kauli yenye saa, siku au upepo, uisikilize sauti tena. Dawa: kabla ya kuipa modeli maandishi, ipe kamusi fupi ya maneno hayo, na saa uzigeuze wewe kwa kanuni, kuongeza au kuondoa sita. Usiiachie modeli.

Sababu ya pili ni kuuliza kwa upande usiofunzwa. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba modeli iliyofunzwa "A ni B" mara nyingi haiwezi kujibu B ni nani. Uliza pande zote mbili. Majibu yakipingana, usichukue hata moja mpaka upate hati.

Sababu ya tatu ni kwamba habari hiyo haikuwahi kuwemo. Mengi ya hapa hayajaandikwa popote. Hapo dawa ni ile iliyopewa jina mwaka 2020 na Patrick Lewis na wenzake: modeli ipekue kwanza hati ulizoziweka, kisha ijibu kwa kuzitegemea, ikionyesha ilipotoa. Ikiendelea kukosea hata hivyo, usiilaumu modeli bado. Tazama ni vipande gani vilivyopekuliwa. Mara nyingi ni vipande vya hovyo. Neno "Pate" huleta kila sentensi yenye "ili apate" na "tupate", kwa kuwa kikata-maneno hukata "a" na "pate" mbalimbali. Tafuta kwa pate_kisiwa, kama nilivyosema juu.

*Simama hapa.* Kama jibu litamfanya mtu aingie chomboni, usiliruhusu litoke. Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa, na anayejua yamejaa kiasi gani ni nahodha anayeyaona. Dawa za hospitali nazo ni hivyo hivyo.

Dalili: mfumo unajua zaidi ya ulivyoambiwa

Hii huletwa kwangu kama sifa njema. Kazi ya modeli za vekta ni kupendekeza kauli zilizokosekana, na kwa mahali na vyombo ni raha tupu. Sisi tukaingiza na nasaba, kwa idhini ya wazee wa ukoo, tukiwa na "ni mtoto wa", "ni ndugu wa", "alikaa mtaa wa".

Kwanza ukagueni mjomba. Waliochukua orodha ya mahusiano iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza wana neno moja kwa mjomba na ami, na modeli huwachanganya watu wa kuumeni na wa kukeni. Tenganisha hayo kabla ya lolote. "Ndugu" nalo lipasueni, maana kwetu lina watu wengi.

Kisha likatokea lenyewe. Jedwalini alikuwamo mtu, kafariki zamani, ambaye familia haikuandika baba yake. Kisanduku kitupu. Niliendesha modeli usiku ijaze mapengo, asubuhi nikakuta imelijaza na hilo, alama za juu, jina la mtu wa mtaa ule ule. Nilitazama ilichotegemea: mtaa, miaka, chombo walichofanyia kazi, ndugu waliooana. Ujirani mtupu. Wala hakuna namna ya kurekebisha kasi ya kujifunza ikafuta neno kama hilo likishasomwa na mtu.

Kagua haraka: je, modeli yako inaruhusiwa kutabiri "ni mtoto wa", "ameolewa na", "ana shamba"? Ikiruhusiwa, izuie leo. Mahusiano hayo yasomwe tu kama yalivyoandikwa, yasitabiriwe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka majina ya wazazi, watoto na wenza, pamoja na mali, katika data nyeti. Ukishafika hapo umevuka ufundi wa kompyuta: tafuta wakili anayeijua sheria hiyo, na utafute wenye nasaba yao kabla hujamtafuta wakili.

Mimi nilifuta faili la matokeo, nikafuta na nakala yake kwenye diski ya nje, nikaenda kwa mzee aliyetupa idhini. Nilimweleza modeli ilifanya nini, bila kutaja jina lililotoka. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama lile jedwali la vyombo bado lipo. Nikamwambia lipo. "Basi twendeleze hilo," akasema.